Nusu ya betri isiyotumika katika gari la haibridi: ipo kwa sababu gani, na betri hudumu miaka mingapi

Msomaji wa Jinja anayefanya kazi ya teksi ya kukodi ameniandikia hivi: "Nataka kununua Toyota Aqua ya mwaka 2013 iliyo katika bondi moja (yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje) jijini Kampala. Muuzaji anasema betri kubwa ni nzima. Hata hivyo, fundi mmoja ameniambia kwamba kompyuta ya gari hili hutumia chini ya nusu ya betri, na kwamba yeye anaweza kuifungua nusu iliyobaki ili nipunguze gharama ya petroli. Je, ni kweli kwamba nusu ya betri haitumiki? Inaweza kufunguliwa? Na katika barabara zetu itanifikisha miaka mingapi?"

Ndugu yangu, fundi huyo amekuambia kweli katika jambo la kwanza na amekupotosha katika la pili. Betri ya gari la haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, lisilochomekwa kwenye umeme kwa kawaida hufanya kazi kati ya asilimia 40 na asilimia 80 hivi ya chaji yake, na kompyuta hujitahidi kuiweka karibu na asilimia 60. Sehemu iliyo juu na chini ya mipaka hiyo haiguswi katika safari za kila siku. Sehemu hiyo ndiyo inayoipa betri umri wake mrefu, na ukimruhusu mtu aiguse utapata kilomita chache na kupoteza miaka.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi huzungumzia betri hizi kana kwamba ni kubwa sana. Aqua ya wakati huo ina moduli 20 za nikeli na haidraidi ya metali, kila moduli ikiwa na seli 6 za volti 1.2, na zote zimeungwa kwa mfululizo hadi kufikia volti 144. Ujazo wake ni ampea-saa 6.5, ambao ukizidishwa kwa volti hizo hutoa takribani kilowati-saa 0.94. Prius ya kizazi cha tatu, ambayo nayo imejaa katika barabara za Kampala, ina moduli 28, volti 201.6 na kilowati-saa 1.3 hivi. Asilimia 40 ya betri ya Aqua ni kama kilowati-saa 0.37. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia kilowati-saa 9. Kwa hiyo, hata betri hiyo ikitumika yote kuanzia sifuri hadi mia, jambo ambalo ingelifanya kwa muda mfupi sana kabla ya kuharibika, isingefikisha hata sehemu ya nane ya nishati iliyomo katika lita moja.

Lipo pia swali ambalo sidhani fundi huyo amejiuliza: hiyo nusu ikishafunguliwa, itajazwa na nini? Gari hili halichomekwi ukutani. Umeme wote unaoingia katika betri yake hutoka katika mambo mawili tu, ama injini inayochoma petroli uliyoinunua, ama breki zinazoirudisha nguvu ya mwendo badala ya kuipoteza kuwa joto. Umeme wa injini si wa bure. Wa breki ndio wa bure, na kiasi chake kinapimika. Gari lenye abiria, uzito wake wote ukiwa kilo 1,300, likisimama kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa, nguvu yote ya mwendo iliyomo ndani yake ni kama kilowati-saa 0.035, na kabla ya kufika kwenye betri sehemu yake hupotea njiani. Maana yake ni kwamba nafasi ile ya asilimia 40 tayari inatosha kupokea vituo kumi vya aina hiyo bila gari kutumia hata chembe ya umeme kati ya kituo na kituo. Katika foleni ya Jinja Road, ambako gari husimama na kuondoka mchana kutwa, nafasi hiyo haijai. Kuipanua hakukuongezei kitu.

Mahali ambapo nafasi hiyo hujaa kweli ni kwenye miteremko mirefu. Gari hilohilo likishuka mlima wa mita 300, nguvu inayopatikana ni kama kilowati-saa 1 kabla ya kuondoa msuguano wa matairi na upinzani wa hewa, nayo huizidi nafasi iliyopo. Madereva wanaokwenda Kisoro kupitia Kanaba, au wanaoteremka kutoka Kapchorwa, watakuwa wamewahi kusikia injini ikinguruma kwa nguvu mteremkoni ingawa mguu hauko kwenye pedali ya mafuta. Wengine hudhani kuna hitilafu. Hakuna hitilafu yoyote: betri imefika kwenye dari yake, yaani mpaka wa juu wa chaji, kwa hiyo kompyuta inaizungusha injini bila kuchoma mafuta ili ukinzani wake usaidie kulizuia gari. Katika miteremko ya namna hiyo weka gia kwenye B, ambayo huitumia injini kulizuia gari, mapema, kabla breki hazijapata moto na betri haijajaa.

Sasa nieleze kwa nini watengenezaji waliweka sakafu na dari, maana hapa ndipo ilipo siri ya umri wa betri. Seli za nikeli zilizoungwa kwa mfululizo hupitisha mkondo uleule mmoja, lakini hazilingani kabisa katika uwezo, na kadiri miaka inavyopita tofauti kati yao huongezeka. Kamba hukatika pabovu. Betri ikichajiwa hadi juu kabisa, seli dhaifu hujaa kabla ya wenzake, na umeme unaoendelea kusukumwa ndani yake hauna tena kazi ya kufanya isipokuwa kuzalisha gesi na joto. Shinikizo likizidi, vali ya usalama hufunguka, unyevu wa elektroliti (kimiminika cha ndani ya seli) hutoka, na seli iliyokauka haiponi tena. Betri ikitumiwa hadi chini kabisa, seli ileile dhaifu huishiwa kwanza huku wenzake wakiendelea kuusukuma mkondo kupitia ndani yake, hata ncha zake zikageuka, chanya ikawa hasi. Kugeuka huko mara chache tu kunatosha kuiua. Mipaka ya asilimia 40 na 80 inaiweka seli dhaifu mbali na ajali zote mbili, hata pale inapokuwa imeachwa nyuma sana na zile nzima.

Kuna sababu nyingine, na hii inazihusu betri zote zinazochajiwa, za nikeli na za lithiamu. Betri inayochezeshwa kidogo kidogo huvumilia mizunguko mingi mno kuliko inayojazwa na kukaushwa kila mara, na ongezeko hilo ni kubwa kuliko mtu angelitarajia kwa kulinganisha kina tu. Katika safari moja ya mjini betri ya haibridi huchajiwa na kutumiwa mara nyingi mno, lakini kila mara ni kwa kiasi kidogo cha chaji, na kwa sababu hiyo inaweza kubeba kazi hiyo kwa mamia ya maelfu ya kilomita. Utaratibu huu haupo Toyota peke yake. Chevrolet Volt iliyoanza kuuzwa Marekani kama gari la mwaka 2011, ambayo ni ya kuchomekwa, ilikuwa na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 16, na kati ya hizo dereva aliruhusiwa kutumia zaidi ya 10 kidogo tu. Haibridi za kuchomekwa na magari ya umeme huweza kutumia sehemu kubwa zaidi ya betri zake, kwa sababu betri hizo ni kubwa, seli zake husawazishwa moja moja, na gari huzimaliza kwa safari nzima badala ya kati ya taa moja ya barabarani na nyingine.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kipimo cha betri kilicho kwenye dashibodi hakionyeshi betri nzima. Kinaonyesha ile sehemu inayoruhusiwa tu, hivi kwamba vibao vyote vikiwa vimejaa chaji halisi iko karibu na asilimia 80, na kikibaki kibao kimoja bado kuna asilimia 40 hivi. Kwa hiyo, mtu akikuahidi kuifungua nusu iliyofichwa, kipimo hakitakusaidia kujua alichofanya, na wala hutajua betri inapokaribia kuumia.

Kuhusu umri, ushahidi unatia moyo. Jarida la Marekani la Consumer Reports lilijaribu mwaka 2011 Prius ya mwaka 2002 iliyokuwa imekwisha tembea zaidi ya kilomita 320,000, na likakuta kwamba matumizi yake ya mafuta hayakuwa yametofautiana kwa kiasi cha kusumbua na ya gari kama hilo walilolipima likiwa jipya miaka 10 kabla. Toyota yenyewe nchini Marekani ilizipa betri hizi dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, na kwa magari ya mwaka 2020 na kuendelea ikaipandisha hadi miaka 10 au maili 150,000, yaani kama kilomita 240,000. Hakuna kampuni inayotoa dhamana ya namna hiyo kwa kitu inachotarajia kife katikati ya muda. Lakini dhamana hiyo hailifuati gari lililotumika Japani na kushushwa Mombasa, na miaka ya gari lako imekwisha kuhesabiwa tangu lilipotoka kiwandani, si tangu lilipovuka mpaka wa Malaba.

Betri huzeeka kwa njia mbili kwa pamoja: kwa kazi inayofanya, na kwa miaka inayopita hata ikiwa imekaa. Ile mipaka ya chaji huikinga na uzee wa kwanza. Uzee wa pili hutawaliwa na joto, na wanaofanya kazi na betri hutumia kanuni ya jumla kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka karibu maradufu. Hapo Uganda imebarikiwa kuliko wengi wanavyofikiri. Kampala iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, na mchana wa kawaida hauvuki sana nyuzi 28. Betri inayoishi Jinja, Mbarara au Fort Portal haipati mateso ya betri inayoishi katika miji ya jangwani. Mwenye gari Moroto au Arua ana kazi kubwa zaidi ya kuilinda, hasa katika miezi ya kiangazi.

Adui wetu mkubwa ni vumbi, na ningependa ulisome jambo hili kwa makini kuliko mengine yote. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa na hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni ndogo. Hewa huingia kupitia wavu wa plastiki ulio pembeni ya kiti hicho, karibu na sakafu. Katika Prius wavu huo uko ubavuni mwa kiti cha nyuma. Feni hiyo ikivuta hewa ya gari linalopita barabara ya udongo mwekundu na madirisha wazi, vumbi huingia nalo, huchanganyika na nyuzi za zulia na nywele, na kutengeneza mkeka kwenye mapanga ya feni. Ukiifungua feni ya gari ambalo halijawahi kusafishwa, utakuta kila upanga umevaa koti la rangi ya kahawia lenye unene unaoweza kukwanguliwa kwa kucha, na nafasi kati ya upanga na upanga imebaki mwanya mdogo tu. Feni ya hivyo huzunguka kwa kelele nyingi na kupeleka hewa kidogo. Moduli za katikati, ambazo kwa kawaida ndizo zenye joto kubwa kuliko za pembeni, ndizo huanza kufa.

Kwa kazi ya teksi kuna hatari zaidi, kwa kuwa abiria huweka mifuko, mikungu ya ndizi na makoti mbele ya wavu huo bila kujua kazi yake. Usiruhusu. Usiuzibe kwa vifuniko vya viti pia, na ile desturi ya kushonesha vifuniko vizito vinavyoshuka hadi sakafuni haifai kwa gari hili kabisa. Endesha ukiwa umefunga madirisha na kuwasha kiyoyozi katika barabara za vumbi, kwani hewa ambayo ni nzuri kwako ni nzuri kwa betri. Feni isafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa anayekwenda vijijini kila wiki isafishwe mara mbili. Baadhi ya magari yana kichujio kidogo nyuma ya wavu, nacho kisafishwe. Petroli kidogo itakayotumiwa na kiyoyozi haiwezi kulinganishwa na bei ya betri.

Zipo pia tabia za uendeshaji. Madereva wengi waliozoea magari ya kawaida huweka gia kwenye N wakiwa foleni, wakidhani wanalipumzisha gari. Haibridi ikiwa kwenye N haiwezi kuichaji betri, ilhali kiyoyozi kinaendelea kuinywa. Ukisimama kwa muda acha kwenye D na mguu kwenye breki, au weka P. Tabia ya pili, ambayo naiogopa zaidi, ni kuendesha kwa mafuta ya mwisho. Gari hili likiishiwa petroli bado husogea kwa umeme, na dereva hushawishika kulilazimisha lifike kituo cha mafuta, akilizima na kuliwasha tena kila linapogoma. Hapo ndipo ile sakafu niliyoieleza huvunjwa. Betri ikishashuka mno, injini haiwezi hata kuwashwa, kwa sababu haibridi hii haina stata ya kawaida; betri kubwa ndiyo huizungusha injini. Usiache kipimo cha mafuta kifike huko. Na kama gari litakaa bila kazi, liwashwe na kuendeshwa nusu saa hivi kila baada ya wiki chache, kwa kuwa betri ya nikeli hupoteza chaji yenyewe ikiwa imelala.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe lililo katika bondi. Usitegemee kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi peke yake. Omba karatasi ya ukaguzi ya kabla ya gari kusafirishwa na ulinganishe. Kisha omba uliendeshe kwa nusu saa, ukipata kilima ni vizuri zaidi. Angalia vibao vya betri. Katika betri nzima hupanda na kushuka taratibu. Vikiruka kutoka viwili hadi vyote kwa dakika chache za mteremko, halafu vikaporomoka mara tu unapopanda, ujazo umekwisha kupungua sana: chombo ni kidogo, kwa hiyo hujaa upesi na kuisha upesi. Sikiliza pia feni ya kiti cha nyuma. Ikivuma kwa nguvu muda wote katika siku ya baridi, betri ina joto lisilo la kawaida.

Baada ya hapo tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta inayoweza kuonyesha volti za kila kundi la moduli, kwa sababu mashine ndogo zinazosoma namba za hitilafu pekee hazitoshi. Hitilafu inayojulikana kwa namba P0A80 maana yake kompyuta imekwisha ihukumu betri, lakini muuzaji anaweza kuifuta asubuhi na isirudi mpaka gari lifanye kazi ya kutosha. Volti za makundi hazifutiki. Gari likiwa limesimama zote zinaweza kulingana; mwambie fundi azisome wakati unakanyaga mafuta kwa nguvu. Kundi moja likishuka karibu volti moja au zaidi kuliko mengine, ukinzani wake wa ndani umepanda, na ndilo litakaloanza kukugharimu.

Tahadhari kwamba gari hili lina betri mbili. Ile ndogo ya volti 12 huendesha kompyuta na taa, na ikichoka dashibodi huwaka taa za onyo kila aina na gari likakataa kuwaka. Watu wamelipishwa betri kubwa mahali ambapo ndogo ndiyo iliyokufa. Kabla hujakubali hukumu yoyote, betri ya volti 12 ipimwe kwanza.

Ukilinunua na siku moja moduli ikafa, utaambiwa kwamba inatosha kuitoa hiyo moja na kuweka nyingine iliyotolewa kwenye gari la ajali. Kazi hiyo hufanyika, na gari hutembea. Lakini zile zilizobaki zina umri uleule na zimepita katika joto lilelile, na iliyoingizwa hailingani nazo kwa ujazo, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa nyingine hufuata. Mimi huona ni sawa kwa anayetaka kuliuza gari au kulisukuma hadi apate fedha, mradi ajue hivyo. Kwa anayetafuta riziki kwa gari hilo kila siku, afadhali abadilishe betri yote, au moduli zote zichajiwe na kutolewa chaji mezani, zipimwe ujazo, na zipangwe zinazolingana. Yeyote atakayefanya kazi hiyo, hakikisha anachomoa plagi ya usalama, anasubiri dakika 10 ili kapasita zipoteze umeme, na anavaa glavu za umeme zisizo na tundu. Volti 144 za mkondo mnyoofu zinaua, na nyaya za rangi ya machungwa zimepakwa rangi hiyo kwa sababu hiyo.

Aqua ya 2013 imekwisha vuka miaka 10, kwa hiyo iweke katika hesabu zako kama gari ambalo betri yake inaweza kukupa miaka mitatu, minne au zaidi ikiwa volti za makundi zinalingana na feni ni safi, na ambalo linaweza kukudai betri ndani ya mwaka mmoja ikiwa sivyo. Kama muuzaji atakataa gari lisomwe kwa mashine likiwa linatembea, tafuta jingine. Bondi za Kampala zina mengi. Na fundi wa kufungua nusu ya betri, mwombe akusafishie feni badala yake.